Selulasi na ultrasaundi: chupa, beseni na fimbo ya titani, kipi kinunuliwe kwanza

Matangazo ya vifaa vya ultrasaundi hupenda kusema kwamba sauti "inavunja selulosi". Kauli hiyo imewapotezea watu fedha nyingi, kwa hiyo ni vyema kuinyoosha kabla ya lolote. Kwenye chembe ngumu za selulosi (kitu kinachojenga nyuzi za mimea) zilizo majini, mawimbi ya kilohezi 20 hadi 40 hutawanya mabonge, huchubua uso wa nyuzi, hufungua vitundu na kuvuruga utando wa maji yaliyotulia kando ya chembe. Kukata kiungo cha beta-1,4 kinachoshikanisha glukosi na mwenzake ni kazi ya kimeng'enya. Ukilielewa hilo utajua ununue nini kwanza, uwashe mashine kwa muda gani, na kwa nini mara nyingine mashine nzuri kabisa haiongezi hata chembe ya sukari.

Tathmini hii inahusu vitu vitatu vinavyotumika pamoja: selulasi ya maji (vimeng'enya vinavyokata selulosi) inayotokana na kuvu Trichoderma reesei, beseni la ultrasaundi la kilohezi 40, na mashine ya fimbo ya titani ya kilohezi 20 yenye ncha ya milimita 13. Malighafi za kulinganishia ni Avicel PH-101, ambayo ni unga wa selulosi wenye chembe za wastani wa mikromita 50, na karatasi ya chujio ya Whatman namba 1.

Chupa kwanza

Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, nunua kimeng'enya kizuri na uache mashine. Selulasi si kimeng'enya kimoja, ni kikosi. Endoglukanasi hukata minyororo katikati, hasa pale ambapo selulosi imelegea na haina mpangilio wa fuwele. Selobiohidrolasi huanzia kwenye ncha za minyororo na kwenda zikimega vipande vya glukosi mbilimbili, yaani selobiosi. Moja huanzia ncha yenye uwezo wa kutoa elektroni (kwa Kiingereza reducing end), nyingine huanzia ncha ya pili. Mwisho beta-glukosidasi huigawa selobiosi kuwa glukosi. Aina mpya zina pia vimeng'enya vya kuoksidisha, vinavyopasua uso wa fuwele ambao wengine hushindwa kuuingia.

Kiungo dhaifu cha kikosi hiki kwa kawaida ni beta-glukosidasi. Trichoderma huizalisha kwa uchache, na selobiosi ikirundikana huziba selobiohidrolasi hadi kazi ikasimama. Ndiyo maana kwa miaka mingi maabara zilizotumia Celluclast 1.5 L ziliichanganya na Novozym 188, iliyotokana na Aspergillus niger, ili kuziba pengo hilo. Matoleo ya baadaye kama Cellic CTec2 huja na beta-glukosidasi ya kutosha pamoja na vimeng'enya vya kuoksidisha ndani ya chupa moja. Mtu anayewasha ultrasaundi juu ya selulasi isiyo na beta-glukosidasi ya kutosha anaharakisha uzalishaji wa selobiosi, na selobiosi hiyohiyo inafunga breki. Grafu hupanda vizuri kwa saa ya kwanza kisha hulala, na lawama huenda kwa mashine.

Kuvu hii, kwa kumbukumbu, ilipatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikila turubai za pamba za jeshi la Marekani. Jina reesei linamuenzi Elwyn Reese, mmoja wa watafiti walioichunguza. Aina nyingi zinazouzwa leo ni vizazi vya aina hiyo moja, QM6a.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye lebo ikiwa chupa imekaa. Nguvu ya selulasi hupimwa kwa yuniti za karatasi ya chujio, kwa kifupi FPU, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1987 na ambao hadi leo haujapata mpinzani wa kweli. Chukua ukanda wa Whatman namba 1 wa sentimita 1 kwa 6, ambao una uzito wa miligramu 50 hivi. Uviringishe ndani ya mrija wa majaribio wenye mililita 1.0 ya bafa ya sitrati (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya molari 0.05, pH 4.8. Ongeza mililita 0.5 ya kimeng'enya kilichozimuliwa. Weka kwenye maji ya nyuzi joto 50 za Selsiasi kwa dakika 60 kamili. Simamisha kwa mililita 3.0 za kitendanishi cha DNS (asidi ya dinitrosalisiliki, inayobadilika rangi penye sukari), chemsha dakika 5, poza, zimua, soma rangi kwenye nanomita 540. Unatafuta mzimuo unaotoa miligramu 2.0 za glukosi, si zaidi wala si pungufu. Gawanya 0.37 kwa mzimuo huo: kama ni 1 kwa 200, yaani 0.005, basi chupa ina FPU 74 kwa mililita.

Kosa linalojirudia hapa ni kupima kwa mzimuo mmoja tu na kukisia kwa mstari ulionyooka. Uhusiano wa kiasi cha kimeng'enya na sukari hapa haunyooki, kwa sababu sehemu laini za karatasi huliwa mapema na zinazobaki ni ngumu. Tumia mizimuo angalau miwili, mmoja unaotoa juu kidogo ya miligramu 2.0 na mmoja chini kidogo. Kosa la pili ni kusahau mrija wa kimeng'enya peke yake bila karatasi. Selulasi za chupa hutiwa sukari au vitu vya kuzihifadhi, na DNS huona kila sukari yenye uwezo wa kutoa elektroni. Bila kuondoa usomaji huo unajihesabia glukosi uliyoinunua.

Ukishajua nguvu, kipimo cha kazi ni rahisi. Gramu 5 za selulosi kwenye mililita 100 za bafa, kwa FPU 15 kwa gramu, zinahitaji FPU 75, yaani takriban mililita 1 ya chupa ile. Selulosi yote ikigeuka, gramu 5 hutoa gramu 5.55 za glukosi, kwa sababu kila kiungo kinachokatwa hunyonya molekuli moja ya maji (uzito wa molekuli wa 162 unakuwa 180). Asiyezidisha kwa 1.11 hukuta mavuno ya asilimia 105 na kudhani amegundua jambo.

Sauti inafanya nini hasa

Wimbi linapopita majini shinikizo hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Linaposhuka, viputo vidogo huzaliwa, hukua kwa mizunguko kadhaa, kisha husinyaa kwa ghafla. Hiyo ndiyo kavitesheni. Ndani ya kiputo kinachosinyaa joto hufika kelvini elfu kadhaa na shinikizo mamia ya angahewa, kwa muda mfupi mno, huku maji ya pembeni yakibaki karibu na joto lake la kawaida. Kiputo kilicho karibu na uso mpana hakisinyai sawasawa pande zote. Hurusha mchirizi wa maji kuelekea kwenye uso ule kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde. Mchirizi huo ndio unaochubua nyuzi.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi havilisemi. Mchirizi hutokea vizuri pale tu uso unapokuwa mkubwa kuliko kiputo. Kwenye kilohezi 20 kiputo kinachoitikia wimbi kina nusu-kipenyo cha takriban mikromita 150. Chembe ya Avicel ya mikromita 50 ni ndogo kuliko hicho kiputo, kwa hiyo haipigwi na mchirizi. Inachopata ni mawimbi ya mshtuko yanayozirusha chembe na kuzigonganisha. Mabonge hutengana haraka, ndani ya dakika chache, kisha grafu ya ukubwa wa chembe hulala. Kuendelea kuwasha baada ya hapo ni kupasha maji moto tu. Vipande vya karatasi na nyuzi ndefu za rojo la kutengenezea karatasi, ambavyo vina urefu wa milimita nzima, ni habari nyingine: hivyo hupigwa kweli, huchanua nyuzinyuzi pembeni na kuwapa vimeng'enya uso mpya. Kwa hiyo watu wawili wenye mashine ileile wakileta majibu yanayopingana, uliza kwanza ukubwa wa chembe zao.

Faida ya pili ya sauti ni usafirishaji. Kimeng'enya ni molekuli kubwa inayosogea polepole, na kwenye tope zito la selulosi kila chembe imezungukwa na tabaka la maji yasiyotembea. Sauti hulikondesha tabaka hilo, kimeng'enya kikafika na selobiosi ikaondoka. Lakini faida hiyo hupatikana pia kwa kukoroga vizuri. Jaribio lolote la ultrasaundi lisilo na chombo cha kulinganishia chenye joto lilelile na ukorogaji mzuri halina maana, hata grafu zake zipendeze vipi. Sehemu kubwa ya "ongezeko la ultrasaundi" huyeyuka pale chombo cha kulinganishia kinapopewa kikoroga cha sumaku na nyuzi zilezile za joto.

Na kuna kisichofanywa na sauti. Haiondoi lignini (gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za mimea) kwa kiwango cha maana kwenye maji matupu ya bafa. Mabua, maganda na mbao bado vinahitaji kutayarishwa kwa alkali, asidi au mvuke kwanza, maana lignini huzuia njia na pia hunasa vimeng'enya vikashikamana nayo bila kazi.

Beseni la kilohezi 40

Beseni ndilo kifaa kinachodharauliwa zaidi, na kwa kazi nyingi linatosha. Nguvu yake kwa kila mililita ni ndogo, jambo ambalo kwa kimeng'enya ni jema. Linatawanya unga uliogandamana, linalowesha nyuzi hadi ndani, na unaweza kuacha chupa za majaribio humo bila hofu kubwa ya kuua selulasi.

Udhaifu wake ni kutokuwa sawa. Ndani ya beseni mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hukutana na kujenga matabaka yenye nguvu na matabaka yaliyo kimya. Sauti husafiri majini karibu mita 1500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kilohezi 40 urefu wa wimbi ni milimita 37.5, na matabaka yenye nguvu hufuatana kila milimita 19 hivi. Sogeza chupa sentimita moja tu juu au chini na umebadilisha jaribio. Dawa yake ni ya mikono tu: ning'iniza kipande cha karatasi nyembamba ya alumini wima ndani ya maji kwa sekunde 30 hadi 60, kitoe, tazama matundu yalipo. Palipotoboka ndipo pa kuweka chupa. Tia alama kwenye ukuta wa beseni, tia alama ya kina cha maji, na usivibadilishe. Karatasi isiyotoboka popote inakwambia beseni limechoka au maji yamejaa hewa.

Hewa hiyo ni sababu ya beseni kuonekana bovu asubuhi na zima mchana. Maji mapya ya bomba yana gesi nyingi iliyoyeyuka. Viputo vyake hufyonza wimbi. Washa beseni likiwa na maji tu kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya kuweka chupa, na ongeza tone la sabuni kwenye maji ya beseni, si ndani ya chupa. Tumia chupa ya kioo yenye kitako chembamba na bapa. Plastiki nene hufyonza sauti.

Kipasha joto cha beseni kisichukuliwe kama kidhibiti. Sauti yenyewe inapasha, kipasha joto hakijui, na ndani ya saa moja maji yaliyowekwa nyuzi 50 yanaweza kupita 55. Selulasi ya Trichoderma hufanya kazi vizuri karibu na 50 kwenye pH 4.8 hadi 5.0, ukizidi 60 hupoteza nguvu haraka. Weka kipimajoto ndani ya chupa yenyewe, na uzungushe maji ya beseni kupitia kipozeo ikiwa kazi inazidi nusu saa.

Fimbo ya titani

Fimbo ni mashine kali, na ukali wake ndio faida na hasara yake. Ncha ya milimita 13 husukuma nguvu yote kwenye eneo dogo, kwa hiyo karatasi na nyuzi ndefu huchanuka ndani ya dakika. Kwa kutayarisha malighafi kabla ya kimeng'enya, hakuna kifaa cha mezani kinachoipita. Kwa kuiwasha muda wote kimeng'enya kikiwa ndani, haifai.

Usisome wati kwenye kioo cha mashine ukadhani zimeingia majini. Kioo huonyesha umeme unaokwenda kwenye kichwa. Pima mwenyewe kwa joto: mililita 100 za maji ndani ya bika iliyofunikwa kwa kizuia joto, fimbo ndani, amplitudo (umbali ambao ncha hutikisika) ileile utakayotumia, soma joto kila sekunde 10 kwa dakika moja. Kama limepanda nyuzi 5 kwa sekunde 60, nguvu iliyoingia ni 100 × 4.18 × 5 ÷ 60, yaani wati 35. Andika namba hiyo kwenye daftari pamoja na ujazo, maana wati 35 kwenye mililita 100 na wati 35 kwenye mililita 500 ni kazi mbili tofauti. Rudia kipimo kila mwezi. Ncha iliyolika hushusha namba hii kabla hujaona kasoro kwa macho.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha hatari. Wati 35 mfululizo zitaipandisha mililita 100 kutoka nyuzi 50 hadi karibu na kuchemka ndani ya dakika 10. Hata ukiwasha sekunde 5 na kuzima 10, wastani wa wati 12 bado unapandisha karibu nyuzi 1.7 kwa dakika. Bika yenye koti la maji ni ya lazima, si ya anasa. Barafu peke yake ni suluhisho baya kwa kimeng'enya, kwa sababu tope litakuwa nyuzi 20 pembeni na moto chini ya ncha.

Joto si adui pekee. Selulasi huharibika umbo kwenye mpaka wa hewa na maji, na kavitesheni inazalisha mipaka hiyo kwa mamilioni. Viputo vikisinyaa hupasua pia maji yenyewe kuwa radikali za hidrojeni na hidroksili, ambazo hushambulia protini. Radikali huongezeka zaidi kwenye masafa ya kilohezi mia kadhaa. Ndiyo sababu ya kubaki kati ya 20 na 40. Jaribio la kujua kama mashine yako inaua kimeng'enya ni hili: washa kwenye kimeng'enya na bafa tu, bila selulosi, kwa ratiba na amplitudo ileile, kisha pima FPU kabla na baada. Ikiwa nguvu imeshuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, punguza amplitudo kabla ya kupunguza muda. Tween 20 kidogo (aina ya sabuni laini) au PEG (polima inayoyeyuka majini) husaidia, kwani hukalia mpaka wa hewa na maji mahali pa kimeng'enya na pia hupunguza kunaswa na lignini.

Tween ina gharama yake upande wa chuma. Fimbo nyingi zina ncha ya kufungua kwa nati, na maji yaliyopunguzwa mvutano wa uso hupenya kwenye maungio yale. Huko ndani hukauka, hula hesi, na siku moja mashine hupiga kelele na kujizima. Kwa tope lenye sabuni au kilevi nunua fimbo ya kipande kimoja. Ikiwa una ya nati, ifungue kila baada ya kazi, futa pande zote mbili kwa ethanoli, kausha, kaza kwa spana mbili bila kutumia mabavu.

Ncha huliwa na kavitesheni. Kwanza hupoteza mng'aro, halafu hupata vishimo. Unga wa titani wa kijivu huanguka kwenye tope lako, hukaa chini pamoja na selulosi, huongeza uzito wa mashapo na hupotosha kipimo cha ukubwa wa chembe. Vishimo vya juujuu husuguliwa kwa msasa laini juu ya kioo bapa. Vikiwa virefu, badilisha ncha.

Ratiba tunayoipendekeza

Loweka selulosi kwenye bafa ya sitrati usiku mzima, au angalau saa mbili. Ikiwa una rojo ambalo halijawahi kukaushwa, usilikaushe kwa sababu yoyote. Kukausha hufunga vitundu vya nyuzi na sehemu kubwa haifunguki tena hata kwa sauti. Kadiria maji yake kwa kukausha sampuli ndogo pembeni, kisha pima uzito wa rojo bichi kulingana na hesabu hiyo.

Kaa kwenye asilimia 2 hadi 5 ya selulosi. Tope likizidi hapo hufyonza sauti. Chini ya ncha utaona mvurugano na sentimita tatu pembeni hakuna kinachotembea. Zamisha ncha sentimita 2 hadi 3. Ikiwa juu mno itavuta hewa, tope litatoa povu, na sauti itabadilika kuwa ya mkwaruzo. Ikigusa kitako cha bika itavunja kioo. Kamwe usiwashe ikiwa hewani.

Washa fimbo bila kimeng'enya kwa jumla ya dakika 5 hadi 10, sekunde 5 ikiwa imewashwa na 5 ikiwa imezimwa, huku kikoroga cha sumaku kikirudisha chembe chini ya ncha. Toa fimbo. Acha tope lirudi nyuzi 50, pima pH tena, ndipo utie kimeng'enya. Kuanzia hapo koroga kawaida. Kama bado unataka sauti wakati wa hidrolisisi, hamishia kazi kwenye beseni, dakika 5 kila saa kwa saa sita za mwanzo. Baada ya hapo faida huisha, kwa sababu kilichobaki ni fuwele ngumu na kizuizi si usafirishaji tena.

Toa sampuli kwa pipeti yenye ncha iliyokatwa pana, tope likiwa linazunguka. Ncha nyembamba huchuja chembe na kuacha nyuma zile kubwa. Chemsha sampuli dakika 10 kuua kimeng'enya, tenga kwa sentrifuji, soma glukosi kwa njia ya glukosi oksidasi (kimeng'enya kinachoona glukosi na si selobiosi) badala ya DNS. DNS huona selobiosi na glukosi kwa uzito tofauti, na katika jaribio ambalo uwiano wao unabadilika kila saa hilo linapotosha. Kazi ikivuka saa 24 utahitaji kizuia bakteria. Azidi ya sodiamu ya asilimia 0.02 hutumika sana, lakini ni sumu, na kwenye asidi hutoa mvuke wenye sumu. Iongeze bafa ikiwa tayari imerekebishwa pH, chini ya kofia ya kuvutia hewa, na usiimwage kwenye mabomba ya shaba au risasi.

Ukipima chembe kwa mtawanyiko wa leza, zima ultrasaundi iliyomo ndani ya kifaa cha kupimia. Vifaa vingi huja nayo kwa ajili ya kutawanya sampuli. Ikiwashwa, sampuli ya kulinganishia ambayo haikupaswa kuguswa na sauti nayo inapigwa sauti, tofauti inatoweka, na wiki nzima ya kazi inasomwa vibaya. Tazama pia matone machache kwa hadubini. Leza huhesabu uzi mrefu kana kwamba ni mpira.

Usalama haupaswi kuachwa kwa mwongozo wa mashine. Fimbo hurusha ukungu, na ukungu wenye selulasi ukivutwa mara kwa mara hujenga mzio wa kifua usiopona. Funika bika, fanya kazi chini ya kofia ya kuvutia hewa, vaa barakoa inayofaa. Ingawa kilohezi 20 haisikiki kwa wengi, kavitesheni hutoa kelele kali kwenye kilohezi 10 na chini. Sanduku la kuzuia sauti pamoja na vizibo vya masikio ni sehemu ya bei ya mashine, vihesabu wakati wa kununua.

Inalipa?

Hesabu ya nishati ni fupi na ngumu kuikwepa. Wati 100 za umeme kwa saa moja ni kilojuli 360. Gramu 5 za selulosi zikigeuka zote hutoa gramu 5.55 za glukosi, ambazo zikichomwa hutoa kilojuli 86 hivi. Umetumia mara nne ya nishati iliyomo kwenye sukari yote. Kwa dakika 5 za fimbo ni kilojuli 30, theluthi moja, na bado hujahesabu kupasha na kukoroga. Kwa hiyo anayetaka ethanoli ya bei nafuu asianzie hapa, na mtu akimuuzia mfumo wa fimbo kwa matangi ya maelfu ya lita amwombe kwanza hesabu ya kilojuli kwa gramu, iliyopimwa kwa joto la maji na si kwa kioo cha mashine.

Mahali ambapo jozi hii inastahili fedha zake ni penye bidhaa ya thamani: kutengeneza nyuzinano za selulosi, ambako endoglukanasi kidogo hulegeza nyuzi na sauti huzitenganisha bila kuzila, kulainisha uso wa kitambaa cha pamba, na maabara inayotaka majibu ya siku tatu kwa siku moja. Kwa nyuzinano chagua kimeng'enya chenye endoglukanasi nyingi na selobiohidrolasi chache, la sivyo sukari itaongezeka na nyuzi zitapungua.

Kwa mpangilio wa ununuzi: selulasi yenye beta-glukosidasi ya kutosha, kisha kikoroga kizuri na maji ya joto yanayodhibitiwa, kisha beseni la kilohezi 40. Fimbo inunuliwe ya mwisho, ya kipande kimoja, na tu ikiwa chembe zako ni za milimita na si za mikromita. Kabla ya kulipa muulize muuzaji amplitudo ya ncha kwa mikromita, maana asilimia pekee haikuambii lolote unapolinganisha mashine mbili, na muulize kama ncha za akiba za mashine hiyo bado zinatengenezwa.